Video za Kujitengenezea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu UCC ya Korea

Anayependa tamthilia au muziki wa Korea leo hukutana na kazi iliyokwisha kung'arishwa na kampuni kubwa. Kabla ya hapo kulikuwa na watu wa kawaida vyumbani mwao, wenye kamera ya bei ndogo na intaneti ya kasi. Ukurasa huu unawahusu hao. Tumeanza na maswali ya msingi, kisha yale ya pembeni, na kila swali lina namba ili tuweze kukuelekeza jibu lilipo.

## Mwanzo wake

1. UCC ni nini hasa?

Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza *user created content*, na maana yake ni maudhui yaliyotengenezwa na mtumiaji mwenyewe. Kwingine duniani watu walizoea kusema UGC (*user-generated content*). Wakorea walishika UCC, na kufikia mwaka 2006 na 2007 herufi hizo zilikuwa zimejaa kwenye magazeti, matangazo ya biashara na vinywa vya wanasiasa. Kwa tafsiri pana hata maandishi na picha ni UCC, lakini mtu wa Seoul akilitamka neno hilo miaka ile, alikuwa anazungumzia video.

Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Korea ilipendekeza neno la Kikorea badala yake: *sonsu jejakmul*, yaani kitu kilichotengenezwa kwa mkono wa mwenyewe. Mitaani halikushika. Mimi nalipenda kuliko UCC, kwa sababu linamtaja mtu na mkono wake kabla ya kutaja mtandao, na historia hii yote ni ya mikono hiyo na waliotaka kuizuia, kuilipa au kuimiliki.

2. Kwa nini jambo hili lilishamiri Korea mapema kuliko nchi nyingi?

Jibu la haraka ni intaneti ya kasi. Mwaka 1997 uchumi wa Korea Kusini uliporomoka na nchi ikakopa kwa IMF. Serikali ya Rais Kim Dae-jung iliamua kwamba njia mojawapo ya kuinuka ni mtandao. Huduma ya intaneti ya kasi kupitia nyaya za televisheni ilianza mwaka 1998, ADSL, yaani intaneti ya kasi kupitia waya wa simu, ikafuata mwaka 1999, na kampuni zikagombania wateja hadi bei ikashuka. Wakorea wengi wanaishi kwenye majengo marefu ya maghorofa, kwa hiyo ukifikisha waya kwenye jengo moja umezihudumia familia mamia. Serikali ikaanza hata kuyapa majengo vyeti kulingana na ubora wa mtandao wake. Kulikuwa pia na mafunzo ya intaneti kwa wananchi, akina mama wa nyumbani wakiwemo.

Lakini nyaya peke yake hazitengenezi video. Wakorea walikuwa tayari na mazoea ya kukaa pamoja mtandaoni. Vijana walijazana kwenye *PC bang*, yaani intaneti kafe za gemu, hasa baada ya StarCraft kutoka mwaka 1998. DC Inside ilianza mwaka 1999 kama tovuti ya wapenzi wa kamera za dijitali, ikageuka kijiwe cha picha za kuchekesha na mabishano. Cyworld nayo ilimpa kila mtu ukurasa wake mdogo, unaopambwa kama chumba kwa sarafu zilizoitwa *dotori*, yaani mbegu za mwaloni. Gazeti la mtandaoni OhmyNews, lililozaliwa Februari 2000, lilikuwa na kaulimbiu kwamba kila raia ni mwandishi wa habari. Kwa hiyo kamera za video ziliposhuka bei, ziliwakuta watu ambao tayari walijiona wana haki ya kuonyesha na kusema.

3. Si YouTube ndiyo iliyoanzisha haya yote?

Hapana. Pandora TV ya Korea ilianza kupokea video za watu mwaka 2004, YouTube ikaja mwaka 2005. Korea ilikuwa pia na Mncast, Mgoon, Afreeca na huduma za video za Daum na Freechal. YouTube ilipofungua rasmi ukurasa wake wa Kikorea mwezi Januari 2008, iliingia nyumba yenye wenyewe. Jinsi mgeni alivyokuja kuwa mwenye nyumba, soma swali la 10 na la 11.

## Watu na video zao

4. Yule kijana wa gitaa aliyefunika uso kwa kofia alikuwa nani?

Hili huulizwa sana, na jibu lake ni zuri. Ni Lim Jeong-hyun, aliyejiita funtwo. Kwenye video ameketi kitandani, dirisha likiwa nyuma yake. Mwanga unaoingia ni mkali kiasi kwamba mwili wake unabaki kivuli, na kofia imeshushwa hadi uso hauonekani. Kinachoonekana vizuri ni vidole. Kwa zaidi ya dakika tano anapiga Canon ya Pachelbel kwa mtindo wa roki, mpangilio uliotungwa na Mtaiwan anayejulikana kama JerryC. Hakuna anayetabasamu, hakuna salamu kwa watazamaji, hakuna "usisahau kubonyeza kengele".

Lim aliiweka kwenye tovuti ya Kikorea ya wanamuziki. Mtu mwingine akaichukua na kuiweka YouTube mwishoni mwa mwaka 2005, na mamilioni wakaitazama bila kumjua mpigaji. Wengine wakajitokeza kudai kuwa ni wao. Agosti 2006 gazeti la New York Times likamtambulisha: kijana wa miaka 23 aliyekuwa amesoma Auckland, New Zealand.

Tazama safari ya kazi ile. Mjerumani alitunga karne ya 17, Mtaiwan akaipanga upya, Mkorea akaipiga chumbani, asiyejulikana akaipeleka Marekani. Baada ya hapo wapiga gitaa wa nchi nyingi wakarekodi za kwao, nao wameketi kitandani na kofia usoni. Kama kuna video moja inayoeleza UCC kuliko maelezo yoyote, ni hii.

5. BJ ni nani, na "puto za nyota" ni nini?

BJ, kifupi cha Kiingereza *broadcasting jockey*, ni mtu anayerusha matangazo mubashara kutoka chumbani kwake. Neno lilisambazwa na Afreeca, huduma iliyofunguliwa rasmi mwaka 2006. Kuna wanaocheza gemu, wanaochambua mpira, wanaoimba, na wanaopiga soga tu huku komenti zikipanda pembeni mwa skrini. BJ anasoma jina lako, anakujibu, anakushukuru. Ukaribu huo televisheni haiwezi kuutoa.

Mwaka 2007 Afreeca ilianzisha *byeolpungseon*, puto la nyota. Mtazamaji hununua puto moja kwa won 100, won ikiwa sarafu ya Korea, na kumrushia BJ anayempenda. Kampuni hukata sehemu yake, na inayobaki ni ya BJ. Ukishawahi kuona watu wakirusha waridi na simba kwenye TikTok laivu, umeuona mjukuu wa puto hilo.

Uzuri wake ni kwamba mtu asiye na mdhamini wala studio aliweza kula kwa jasho lake. Ubaya wake ulionekana pia. Wapo walioshindana kurusha maputo hadi wakaingia kwenye madeni, na wapo ma-BJ waliofanya vituko vya hatari au vya aibu ili maputo yaje. Kelele zilipozidi, mwaka 2018 Afreeca iliweka kikomo cha won milioni 1 kwa mtu kwa siku. Kwa maoni yangu hicho bado ni kikubwa mno. Mwaka 2024 huduma hiyo ilibadili jina na kuitwa SOOP.

6. Mukbang ilianzia wapi? Na kwa nini mtu amtazame mwenzake akila?

Ilianzia kwa ma-BJ wa Afreeca, karibu na mwishoni mwa muongo ule wa 2000. Neno limeunganishwa kutoka *meokneun*, kula, na *bangsong*, matangazo. Mwaka 2021 kamusi ya Kiingereza ya Oxford ililiingiza pamoja na maneno mengine ya Kikorea.

Swali la "kwa nini" mara nyingi huulizwa kwa dharau, na halistahili dharau. Korea ni nchi ambayo chakula huwekwa katikati ya meza na watu huchota pamoja. Kula peke yako kulikuwa na unyonge wake. Wakati huohuo watu wanaoishi peke yao waliongezeka haraka: sensa ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 30 ya kaya zina mtu mmoja tu. Mtu ametoka kazini saa tatu usiku, ana bakuli lake la tambi, anafungua laivu, na mbele yake kuna mtu anayekula na kuzungumza naye. Sisi tuliozoea kukaribishwa kwenye sinia tunapaswa kulielewa hilo upesi.

Baadaye mukbang ikawa mashindano ya wingi wa chakula. Mwaka 2018 serikali ilipotaja mwongozo wa mukbang ndani ya mpango wake wa kupambana na unene, wananchi walikuja juu wakisema serikali inaingilia hadi sahani zao.

7. Je, hii ni dunia ya vijana tu?

Tazama video za bibi Park Makrye, aliyezaliwa mwaka 1947 na aliyetumia miaka mingi kuendesha mgahawa. Daktari alipomwambia kwamba yuko kwenye hatari ya kupata ugonjwa wa kusahau, mjukuu wake Kim Yura aliacha kazi na kumpeleka Cairns, Australia. Video za safari hiyo, za mwaka 2017, alizitengeneza kwa ajili ya familia. Umaarufu ulikuja baada ya video ambayo bibi anaonyesha anavyojipodoa siku ya kupitia kwa daktari wa meno na kuelekea sokoni: anajipaka poda, anachora nyusi kwa mkono wa haraka wa mtu mwenye shughuli zake, anasema lolote linalomjia mdomoni. Mwaka 2019 alikutana na wakuu wa YouTube na Google.

## Siasa na mitaa

8. Video za raia zilifanya nini kwenye maandamano ya mwaka 2008?

Aprili 2008 serikali ya Lee Myung-bak ilikubali kufungulia nyama ya ng'ombe kutoka Marekani, iliyokuwa na vizuizi kwa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Tarehe 2 Mei watu walikusanyika katikati ya Seoul na mishumaa, wengi wao wasichana wa sekondari, na mikesha ikaendelea kwa wiki nyingi.

Humo ndani walitembea watu wenye kompyuta mpakato, kamera ndogo na modemu ya WiBro, intaneti ya hewani iliyokuwa imeanza kuuzwa Korea mwaka 2006. Walirusha kupitia Afreeca bila kukata. Alfajiri ya tarehe 1 Juni polisi walipotumia yale magari ya kumwaga maji kwa nguvu, waliokuwa nyumbani waliona papo hapo. Watazamaji waliandika kwenye komenti polisi wamejipanga wapi, mrushaji akawasomea waliokuwa karibu naye. Wapo waliotoka nyumbani usiku huohuo kwa sababu ya walichokiona.

Lazima niongeze jambo hapa. Hofu nyingi kuhusu nyama zilitiwa chumvi, na video ziliusambaza uvumi kwa kasi ileile zilivyosambaza ukweli. Hilo halifuti kilichotokea: kwa mara ya kwanza tukio kubwa la kitaifa lilionekana kwa macho ya walio ndani yake, bila kumsubiri mhariri wa taarifa ya habari ya usiku.

9. Ni kweli kwamba video za uchaguzi zilikatazwa?

Ni kweli, kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2002 mtandao ulimsaidia sana Roh Moo-hyun kushinda urais, kwa hiyo kuelekea uchaguzi wa tarehe 19 Desemba 2007 kila kambi ilijiandaa kwa UCC. Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikatoa mwongozo. Kwa mujibu wa sheria ya uchaguzi, kuanzia siku 180 kabla ya kura mwananchi hakuruhusiwa kusambaza kitu cha kumuunga mkono au kumpinga mgombea, na video zikahesabiwa humo. Aliye chini ya miaka 19 hakuruhusiwa kufanya kampeni kabisa. Kwa maneno mengine, kundi lililojua zaidi kutengeneza video ndilo lililofungwa mdomo.

Mahakama ya Katiba iliuacha utaratibu huo usimame mwaka 2009. Tarehe 29 Desemba 2011 ikabadili msimamo na kusema kuutumia kwenye intaneti ni kinyume cha katiba.

## Sheria na pesa

10. Kwa nini YouTube ilizuia watu wa Korea kupakia video mwaka 2009?

Sheria ilizitaka tovuti kubwa zithibitishe utambulisho wa mtu kabla hajaandika au kupakia chochote. Kwa tovuti za Korea hilo lilimaanisha kutoa namba ya usajili wa ukazi, inayomfuata Mkorea tangu kuzaliwa. Aprili 2009 sheria ilipanuliwa kufikia tovuti zenye wageni 100,000 kwa siku, na YouTube ikaguswa.

Google haikukubali kukusanya namba hizo. Ikazima kupakia na kukomenti kwa yeyote aliyechagua Korea kama nchi yake. Ukibadili mpangilio na kuchagua nchi nyingine, mlango uko wazi. Hata ofisi ya rais iliendelea kuweka video zake kwa njia hiyo. Walioumia ni tovuti za nyumbani, zisizokuwa na pa kukimbilia.

Julai 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji milioni 35 wa tovuti za Nate na Cyworld, na watu wakaona hatari ya kurundika vitambulisho vya taifa mahali pamoja. Tarehe 23 Agosti 2012 majaji wote wa Mahakama ya Katiba waliifuta sheria hiyo.

11. Zile tovuti za Korea zilipotelea wapi?

Sheria ilikuwa mzigo mmoja. Mzigo mwingine ni bili. Video inakula mtandao, na kila anayetazama anaongeza gharama ya mwenye tovuti, wakati matangazo ya biashara ya miaka ile yalilipa kidogo. Mncast ilifungwa mwaka 2009, Freechal ikafilisika mwaka 2011, video za Daum zikaingizwa Kakao TV mwaka 2017, na Pandora TV ikafunga pazia mapema mwaka 2023. Afreeca ilisalimika kwa sababu watazamaji wenyewe walitoa pesa (swali la 5).

Gharama ya mtandao haijamwacha mtu. Twitch, kampuni ya Kimarekani ya gemu mubashara, iliondoka Korea Februari 2024 ikilalamikia ada hizo, na Naver, kampuni ya mtandao ya Korea, ikaziba pengo kwa huduma yake iitwayo Chzzk.

12. Mtoto akiimba wimbo wa msanii kwenye video, ni wizi wa hakimiliki?

Korea ilijibu swali hili mahakamani. Mwaka 2009 baba mmoja aliweka kwenye blogu yake video ya sekunde 53: binti yake wa miaka mitano anaigiza wimbo wa mwimbaji Son Dam-bi, anayumba, sauti inapanda na kushuka pasipo mpangilio. Chama cha hakimiliki za muziki kikataka video iondolewe, na ikaondolewa.

Baba hakukubali, akaenda mahakamani. Februari 2010 mahakama ya wilaya jijini Seoul ilimpa haki: ni kipande kifupi, hakuna biashara, na hakuna mtu atakayeacha kununua wimbo eti kwa sababu amemsikia mtoto yule. Alilipwa fidia ya won 200,000. Ni pesa ndogo, lakini rufaa ilipoithibitisha hukumu hiyo Oktoba mwaka uleule, wazazi wengi walipumua.

Hukumu hii haikuruhusu kila kitu. Kupakia wimbo mzima wa msanii, au kipindi cha televisheni, kulibaki kosa.

13. Kampuni kubwa ziliingia lini?

Mwaka 2013 kampuni ya burudani ya CJ E&M ilianza kuwasimamia watengenezaji video, na mradi huo ukaja kuitwa DIA TV; Sandbox Network ikafuata. Televisheni nayo iliiga: mwaka 2015 MBC ilianza kipindi cha My Little Television, ambamo watu maarufu walirusha laivu na kuhangaika na komenti kama ma-BJ. Kwenye uchunguzi wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2018, kazi ya YouTube ilishika nafasi ya tano miongoni mwa ndoto za wanafunzi wa shule za msingi.

Pesa ilileta udanganyifu. Agosti 2020 iligundulika kuwa wengi waliojifanya wamenunua bidhaa kwa pesa zao walikuwa wamelipwa kuzisifia. Wakorea waliyaita *dwitgwanggo*, matangazo ya mlango wa nyuma, na tangu Septemba 2020 mwongozo wa serikali unataka malipo yatajwe waziwazi.

## Maswali ya pembeni

14. Gangnam Style ni UCC?

Hapana, ni video ya kampuni. Ilitoka tarehe 15 Julai 2012 na Desemba mwaka huo ikawa ya kwanza YouTube kutazamwa mara bilioni 1. Lakini wanajeshi, wanafunzi, wafungwa na maharusi waliorekodi za kwao walikuwa wanatengeneza UCC, na wao ndio walioibeba.

15. Neno UCC bado linatumika?

Kwenye mazungumzo ya kila siku limechakaa. Siku hizi Wakorea husema *1-in midieo*, media ya mtu mmoja, au YouTube tu. Utalikuta bado kwenye mashindano ya video ya shule na halmashauri.

16. Naweza kuziona wapi video za miaka ile?

Nyingi zimekwenda na tovuti zake. Mtu aliyerekodi siku ya kuzaliwa ya mwanawe mwaka 2006 na kuiacha kwenye huduma iliyokufa, bila nakala nyumbani, ameipoteza. Zilizobaki ni zile ambazo wengine walizinakili na kuzipeleka YouTube, mara nyingi bila ruhusa, mara nyingi bila hata kumtaja mwenyewe. Ukitafuta kwa herufi za Kikorea utapata zaidi kuliko kwa herufi za Kilatini. Video ya Canon ipo YouTube, picha zake zikiwa na ukungu wa kamera za zamani, na dirisha lile bado linamwaga mwanga.